Ukuta uleule: mbona sauti inarudi na sura hairudi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha kwaya hapa Morogoro. Tumepata chumba cha kurekodia, mita 3 kwa 4, kuta zake zina lipu ambayo fundi aliirusha kwa mwiko na kuiacha na vigongo, hakuisawazisha. Nilidhani vigongo vile vitaivunjavunja sauti. Wapi! Ukipiga kofi inarudi "krrr" kama umefungiwa ndani ya debe. Tukashauriwa tubandike trei za mayai, tukabandika ukuta mzima. Sauti imepungua makali kwa juu, lakini ngurumo ya besi ipo palepale. Sasa ninajiuliza: tochi ukiimulika kwenye ukuta ule mwanga unatawanyika, hakuna anayejiona sura. Mbona sauti haitawanyiki, na ukuta ni uleule?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Umeuliza vizuri, ila kuna dhana moja ndani ya swali lako ambayo karibu kila mtu anayo, nayo ndiyo iliyokugharimu hizo trei. Unadhani kuwa na vigongo ni tabia ya ukuta. Ukuta peke yake hauna vigongo wala haukosi. Inategemea nani anaupitia. Mtoto akikokota kigari chake cha makopo kwenye barabara ya kokoto, kila kokoto inakirusha. Lori likipita hapohapo dereva hasikii kitu. Kokoto ni zilezile, magurudumu ndiyo yaliyotofautiana.

Gurudumu la wimbi ni urefu wake, yaani umbali kutoka mgongo mmoja wa wimbi hadi mgongo unaofuata. Hewani sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo noti ya mitetemo 500 kwa sekunde ina mawimbi ya sentimita 69 hivi. Besi wako akishuka hadi mitetemo 82, wimbi lake linapita mita 4, refu kuliko chumba chenyewe. Mwanga tunaouona una mawimbi ya milimita 0.0004 hadi 0.0007. Sasa chukua rula upime vigongo vya lipu yako. Nikikisia vina milimita 5 kutoka bonde hadi kilele, basi kwa mwanga huo ni mlima wenye kimo cha mawimbi elfu kumi yaliyopangwa moja juu ya jingine. Kwa noti yako ya 500, kigongo hicho ni sehemu moja ya 137 ya wimbi moja. Sauti inaupitia ukuta huo kama ule uliopigwa niru ukang'aa.

Mpaka uko wapi basi? Fikiria wimbi linakuja moja kwa moja ukutani. Sehemu yake inagonga kilele na kugeuka mapema. Sehemu nyingine inashuka hadi bondeni ndipo igeuke, kwa hiyo inachelewa kwa kimo cha kigongo mara mbili, kwenda na kurudi. Kuchelewa huko kukiwa kudogo, migongo ya mawimbi yote mawili inakutana karibu pamoja na wimbi linarudi zima. Kukifika nusu ya urefu wa wimbi, mgongo wa moja unaangukia bonde la jingine na yanauana. Wanafizikia wamekubaliana kuuweka mpaka katikati, pale kuchelewa kunapofika robo ya wimbi, yaani kigongo kinapofika sehemu ya nane ya urefu wa wimbi. Kipimo hiki kinaitwa kwa jina la Lord Rayleigh, Mwingereza aliyeanza kuandika kitabu chake kikubwa kuhusu sauti akiwa safarini ndani ya mashua juu ya mto Nile, mwishoni mwa 1872, alikopelekwa kupata nafuu baada ya ugonjwa. Toleo la pili la kitabu hicho lilipotoka miaka ya 1890, aliingiza hesabu ya sauti inayogonga ukuta wenye mikunjo kama ya bati. Hesabu za nyuso zenye mikunjo zimejengwa juu ya msingi huo tangu wakati huo.

Tia milimita zako 5 kwenye kipimo hicho. Zidisha kwa 8, unapata wimbi la sentimita 4, ambalo ni mitetemo kama 8,600 kwa sekunde. Chini ya hapo ukuta wako ni kioo. Noti ya juu kabisa ya soprano, ile inayowafanya waumini wafunge macho, iko kwenye mitetemo 1,047. Waimbaji wako wote, besi hadi soprano, wanaimbia kioo.

Lakini usikichukulie kipimo hicho kama ukuta wa matofali, upande huu laini na upande ule vigongo. Ni mteremko. Kwa uso ambao kupanda na kushuka kwake hakuna mpangilio, ambapo vimo vingi viko karibu na wastani na vichache viko mbali, hesabu inatoa hivi: vimo vikichepuka kwa sehemu ya 32 ya wimbi, kama asilimia 86 ya nishati bado inarudi kama kutoka kwenye kioo. Vikichepuka kwa sehemu ya nane, pale kwenye mpaka wenyewe, inabaki asilimia 8 hivi. Kwa lipu yako na noti ya 500, nikihesabu hata kwa ukali wa kuupendelea ukuta, kinachopotea njiani hakifiki asilimia 1. Sikio halitambui.

Nishati inayotoka kwenye njia ya kioo haifi. Inahamia pande nyingine. Hapa nitatumia spika badala ya waimbaji, maana koo za watu haziwezi kufuatana kwa usahihi ninaoutaka. Weka spika 100 zinazotoa noti moja, mawimbi yao yote yakipanda pamoja na kushuka pamoja. Mtikisiko unaokufikia ni wa spika moja mara 100, na nishati yake ni mara 10,000. Sasa vuruga, kila spika ianze wakati wake kwa bahati nasibu. Zingine zinapanda wakati zingine zinashuka, nyingi zinafutana, na mtikisiko unaobaki kwa wastani ni mara 10 tu, nishati mara 100. Kila kipande cha ukuta ni spika mojawapo. Ukuta laini ni kwaya iliyofundishwa, kila kipande kinaitikia kwa hatua moja, na wote wanaelekeza sauti upande mmoja. Ukuta wenye vigongo vikubwa kuliko mpaka ule ni watu 100 kila mmoja na wake, sauti inakwenda kila upande kidogo kidogo.

Pembe nayo ina kauli. Chukua karatasi nyeupe ya kawaida, ile ya kuchapia, isiyong'aa. Simama ukitazama dirisha, ishike ikiwa imelala kabisa usawa wa jicho, ukingo wake karibu ugonge shavu, kisha tazama juu yake kama unayelenga shabaha. Ukiirekebisha vizuri utaona fremu ya dirisha imejitokeza juu ya karatasi, hafifu lakini ipo. Karatasi imegeuka kioo bila kuguswa. Wimbi likija limelalia uso, tofauti ya njia kati ya kilele na bonde inapungua sana. Kwa pembe ya digrii 2 kutoka kwenye uso, kigongo kinahesabika kama kimepungua hadi sehemu ya 29 ya kimo chake. (Usichanganye jambo hili na maji ya uongo unayoyaona barabarani saa saba mchana. Yale yanatokana na hewa yenye joto kupinda mwanga, ni kisa kingine kabisa.) Kwa hiyo sauti inayoteleza kwa pembe kando ya ukuta wako inauona laini zaidi hata ya ile inayokuja wima.

Yuko mnyama mmoja ambaye ukuta wako kwake kweli una vigongo, naye ni popo. Wengi wao hupiga mlio wa mitetemo 20,000 hadi zaidi ya 100,000 kwa sekunde. Kwa mlio wa 50,000 wimbi lina milimita 7, na sehemu yake ya nane haifiki milimita 1. Vigongo vyako vya milimita 5 vinamtawanyia sauti kila upande, pamoja na kumrudishia kidogo masikioni kutoka pembe yoyote atakayokuja nayo. Ndiyo maana anaujua ukuta uko pale. Umpe kitu laini kweli naye anachanganyikiwa. Mwaka 2010 watafiti Stefan Greif na Björn Siemers walionyesha kwamba popo wakikuta bamba laini limelazwa chini, hata likiwa la chuma au mbao, wanajaribu kulinywa wakidhani ni maji. Katika maumbile kitu kilicholala na kilicho laini kiasi hicho ni maji tu. Mwaka 2017 Greif na wenzake wakalisimamisha bamba laini wima njiani, na popo wakaligonga. Sauti yao ilikuwa inaligonga kwa mshazari na kuruka mbele kama mpira, hakuna kilichorudi masikioni, na kwao pale palikuwa na uwazi wa kupita. Mtu anayegonga mlango wa kioo wa benki ana ndugu yake porini.

Hadi hapa nimesema kimo tu. Trei zako zina kimo cha kutosha, sentimita 4 au 5, na kwa kipimo cha Rayleigh zingetakiwa kuanza kuvuruga sauti kuanzia karibu na mitetemo 1,000. Ajabu ni kwamba hazifanyi hivyo, na sababu yake ni kipimo cha pili ambacho watu wengi wanakisahau: umbali wa kutoka kigongo hadi kigongo.

Mahali palipoonyesha jambo hili kwa uzuri kuliko popote ni baharini. Uso wa bahari ni vurugu ya mawimbi ya kila urefu, marefu kwa mafupi, yamepandana bila mpangilio. Mwaka 1955 Douglass Crombie, mtafiti wa New Zealand, alichapisha alichokiona alipopiga redio ya megahezi 13.56 kuelekea baharini na kusikiliza kinachorudi. Wimbi la redio hiyo lina mita 22. Ungetarajia kutoka kwenye vurugu ile zirudi kelele tu. Badala yake mwangwi ulirudi mitetemo yake ikiwa imehama kwa 0.38 hivi kwa sekunde, kwa kuwa maji yaliyourudisha yalikuwa yanatembea, kitu safi kabisa. Ukipiga hesabu, huo ndio mwendo wa mawimbi ya bahari yenye urefu wa mita 11, nusu kamili ya lile la redio. Katika mawimbi yote ya bahari, redio ilichagua yale tu yaliyoendana na hatua yake, maana mwangwi kutoka mgongo mmoja wa maji na mgongo unaofuata unarudi kwa hatua moja, na mengine yote yanafutana. Leo rada za pwani zinazopima mikondo ya bahari zinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Kwa hiyo uso wowote wenye vurugu uuchukulie kama mkusanyiko wa mikunjo mingi ya bati, kila mmoja na nafasi yake kati ya tuta na tuta. Kila wimbi linalokuja linachagua mkunjo wake. Lisipoukuta, linarudi kama limegonga kioo, hata vigongo viwe virefu.

Trei ya mayai 30 ina vikombe 6 kwa 5 katika upana wa sentimita 30 hivi. Nafasi kati ya kikombe na kikombe ni sentimita 5, na ni ileile ukuta mzima. Hakuna vurugu hapo hata kidogo, ni mkunjo mmoja unaojirudia. Sauti inayokuja wima haiwezi kutawanywa na mkunjo wa nafasi hiyo mpaka wimbi lake liwe fupi kuliko sentimita 5, yaani mitetemo kama 6,900 kwenda juu. Ikija kwa kulalia ukuta, mpaka unashuka hadi kama 3,400. Chini ya hapo trei zinaonekana kwa sauti kama ukuta bapa uliosogezwa mbele kidogo. Na kwa kuwa ni karatasi nyepesi iliyobandikwa juu ya tofali, besi inapita ndani yake kama haipo. Kilichobadilika chumbani kwako ni "s" na "sh" za waimbaji, ambazo ndizo zinazokaa huko juu, na karatasi yenyewe inafyonza kidogo masafa hayo. Ndiyo ile hali ya kupungua makali uliyoisikia. Mimi nami niliwahi kuzibandika chumbani nilipokuwa kijana, nikajisifu wiki nzima. Nakushauri uzibandue, tena kwa sababu nyingine isiyohusu fizikia: ukuta mzima wa karatasi kavu karibu na nyaya za umeme ni kuni.

Una matatizo mawili, na dawa zake ni mbali mbali. Ile "krrr" ni sauti inayocheza mpira kati ya kuta mbili zinazotazamana. Ukisimama katikati ya upana wa mita 3, mwangwi unakupita kila baada ya mita 3 za safari, mara 114 kwa sekunde, na sikio linausikia kama mlio wa kukwaruza. Kuuvunja, ukuta mmoja tu kati ya hizo mbili unatosha ukiacha kuwa kioo kwa sauti za katikati. Rafu ya vitabu iliyojaa ovyo inafanya kazi nzuri: vitabu vinene kwa vyembamba, vingine vimeingia ndani sentimita 10 kuliko jirani zake, maboksi hapa na pale. Kimo cha sentimita 10 kinaanza kuvuruga karibu na mitetemo 430, na nafasi zisizolingana kati ya vitu zinakupa mikunjo mingi kwa mpigo. Usizipange vizuri. Ni mara chache utapata mtaalamu wa kukuambia hivyo.

Ukiwa na seremala mvumilivu kuna njia ya kifahari zaidi. Katika miaka ya 1970 Manfred Schroeder, Mjerumani aliyefanya kazi kwenye maabara za Bell huko Marekani, alipendekeza vurugu iliyopigiwa hesabu. Chukua namba 0 hadi 6, zidisha kila moja kwa yenyewe, gawa kwa 7 uchukue baki. Utapata 0, 1, 4, 2, 2, 4, 1. Hizo zigeuze kuwa vina vya visima virefu vya mbao vilivyosimama wima, kila kizio sentimita 5: cha kwanza hakina kina, cha pili sentimita 5, cha tatu 20, kisha 10, 10, 20 na 5. Kila kisima kiwe na upana wa sentimita 10, na kati ya kisima na kisima weka ubao mwembamba wa kuvitenganisha. Seti moja ina upana wa sentimita 70 na ushei, nayo inatawanya sauti kwa usawa wa ajabu kuanzia kama mitetemo 500 hadi 1,700, eneo ambalo kwaya inaishi. Uiweke ukuta wa mbali na waimbaji, maana ukiisogelea sana inasikika vibaya. Kwa chumba kidogo kama chako, kusema kweli, ningeanza na kufyonza kabla ya kutawanya: mapazia mazito yenye mikunjo, yaliyoachwa sentimita 15 au 20 mbali na ukuta, au magodoro ya zamani yaliyosimamishwa.

Ngurumo ya besi haihusiani na vigongo vya aina yoyote. Ni chumba chenyewe kinachoimba. Urefu wa mita 4 unapenda mitetemo 43 na 86, upana wa mita 3 unapenda 57 na 114, na besi wako wanapita hapohapo. Kutawanya wimbi la mita 4 kungetaka vigongo vya nusu mita, na hicho si chumba tena. Sogeza maikrofoni kwanza, maana hilo ni bure. Katikati ya chumba na karibu na kuta ndipo 86 na 114 zinapovimba. Jaribu mita 1 kutoka ukuta mfupi na sentimita 75 kutoka ule mrefu, usikilize, usogeze tena kwa shubiri moja moja. Pembe za chumba zijaze vitu vinene na laini, magunia ya nguo kuukuu yanafaa, kutoka sakafuni hadi darini.

Halafu simama katikati upige kofi moja. Ile "krrr" ikiwa imetoweka, acha hapohapo, usiongeze kitu. Chumba kilichofyonzwa kupita kiasi kinawatisha waimbaji, kila mmoja anajisikia peke yake na wanaanza kupiga kelele.